Fundi wa Matanga Aomba Kazi ya Jukwaa

Usigeuze uso. Wewe unayesoma, nakwambia wewe. Ulienda matangani, ukalia, ukala wali, ukarudi kwenu. Ulienda makambi ya kanisa, ukaimba mpaka koo likakauka. Je, ulimwona mwanamke aliyeketi nyuma ya spika, mkono kwenye vitufe vya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, macho kwa mhubiri? Hukumwona. Ulitazama kando. Mimi nilimwona, na mimi si mtu wa kusahau.

Anaitwa Bochaberi. Anaishi Suna, mjini Migori, na mdogo wake Nyatichi, msichana wa Gredi ya Saba. Kila jioni Nyatichi akitoka shuleni huvua sare, huchota maji, kisha huketi uani na dada yake wakikunja nyaya.

"Usiuzungushe kwenye kiwiko," Bochaberi humwambia. "Waya una mishipa kama mtu. Ukiusokota leo, kesho utakufia katikati ya hotuba."

Kazi hiyo Bochaberi alijifundisha mwenyewe. Leo anaitwa, kesho haitwi. Alikuwa ameomba kazi katika shule nyingi na hakuna hata moja iliyomjibu. Hata "hapana" hawakumpa! Kisha likatoka tangazo: shule moja ya sekondari upande wa Rongo ilihitaji fundi wa jukwaa, wa kushughulikia sauti, taa na mapazia katika tamasha la muziki na la drama.

"Wakininyamazia tena," Bochaberi alisema, "nauza mikisa, tunarudi shambani kwa Mama. Nimechoka."

Nyatichi hakutaka kurudi. Hakutaka pia kumwona dada yake akiuza kitu anachokifuta vumbi kila asubuhi kama mtoto.

Siku chache kabla ya maombi kufungwa, Bochaberi aliitwa Muhuru Bay kwenye matanga. "Nenda saiba kwa Maroa, akuchapie wasifukazi wangu," alimwagiza Nyatichi. "Mwambie kazi zangu zote. Matanga, makambi, harusi. Usiache kitu."

Asubuhi iliyofuata, shuleni, Lynnet, mwanafunzi mwenzake, alimwona Nyatichi mlangoni mwa darasa akapaza sauti. "Jamani, DJ wa maiti yuko wapi leo? Au marehemu ameomba wimbo?" Darasa zima likacheka. Nyatichi aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Jioni aliingia saiba, kiduka cha kompyuta na uchapaji. Maroa, mwenye duka, hakuinua hata kichwa. "Wasifukazi? Ninao mmoja mzuri sana. Umeombea watu udereva, uaskari, hata uuguzi. Naondoa jina la Mirumbe, mteja wangu wa juzi, naweka la dada yako, basi."

"Mirumbe alipata kazi?"

"Hayo si mambo ya saiba." Maroa akaendelea kubonyeza. "Apendayo kufanya: kusoma, kusafiri, kuogelea. Safi. Dada yako ana diploma?"

Nyatichi akatikisa kichwa.

"Tumpe moja ya Nairobi. Kila mtu huweka. Na kazi alizofanya?"

Nyatichi alifungua kinywa aseme matanga. Kicheko cha darasa kikamrudia masikioni. "Andika tu mambo ya ofisi," akasema.

Bochaberi alirudi akiwa na vumbi kichwani na sauti iliyokwaruza. Akaichukua ile karatasi, akaisoma akiwa amesimama. "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Dada."

"Mimi naogelea? Mimi, ambaye mashua ikitikisika kidogo nashika wenzangu mashati?" Nyatichi alitaka kucheka, lakini uso wa dada yake ulikuwa umekwisha kubadilika. "Na hii diploma, wakiniambia niilete, nitaipakua kwenye sufuria? Matanga yako wapi?"

"Wanakuita DJ wa maiti!" Nyatichi alilipuka, akaanza kulia. "Kila siku, mbele ya watu!"

Bochaberi aliketi juu ya spika. "Na wewe ukakubaliana nao," akasema.

Maneno hayo yalimchoma Nyatichi kuliko kofi. Kesho yake, bila kutumwa, alimfuata Mwalimu Nyanchoka, mlezi wa kikundi cha drama shuleni kwao, akamweleza kila kitu. Mwalimu alimwambia, "Mlete dada yako baada ya vipindi. Na mje na tangazo lenyewe, si karatasi ya Maroa."

Walipofika, Mwalimu alilitandaza tangazo mezani. "Hawa wanataka mtu wa kuongoza sauti katika maonyesho yenye zamu nyingi, huyu akitoka yule anaingia. Umewahi, Bochaberi?"

"Sijawahi, Mwalimu. Mimi ni wa matanga tu."

"Si kweli!" Nyatichi alidakia. "Kwaya ikisimama, Dada anashusha muziki. Wazee wa ukoo wakigombania maiki, ana nyingine tayari. Jeneza likitolewa nyumbani, kila kitu kinanyamaza kabla mchungaji hajainua mkono. Na hakuna mtu wa kumwambia sasa fanya hivi, sasa fanya vile. Anatazama tu, anajua."

Mwalimu Nyanchoka alimsukumia kalamu. "Hizo ndizo zamu. Andika ulivyosema."

Wakaenda hivyo, neno kwa neno la tangazo. Shule inataka nini? Bochaberi amefanya nini kinachofanana nacho? Kuhusu taa alikuwa amefanya kidogo, katika makambi, na wakaandika kidogo. Mapazia hakuwa ameyagusa kamwe. Wakaandika kwamba yuko tayari kujifunza. Diploma ikafutwa, kuogelea kukafutwa. Mchungaji wa makambi na familia ya Muhuru Bay walipigiwa simu, wakakubali kuwa mashahidi wake.

"Fungua ukurasa mtupu," Nyatichi alimwambia Maroa waliporudi saiba.

"Ukurasa mtupu ni kazi, mtoto!"

"Ndiyo. Fanya kazi."

Safari hii Bochaberi aliitwa kwenye usaili. Mwalimu mkuu alizisukuma kando karatasi nyingine zilizofanana kama sare za shule. "Muhuru Bay pana upepo wa ziwa," alisema. "Maiki hazikuvuma?"

"Nilizivalisha soksi, Mwalimu," Bochaberi alijibu. "Soksi safi, lakini."

Wote wakacheka. Kisha wakampeleka ukumbini, ambako spika zilikuwa zikipiga yowe kila mara mtu akigusa maiki. Alizisogeza spika mbele ya maiki, zikaelekea watu, akapunguza vitufe viwili vitatu, yowe likakoma. Akaajiriwa, kwa mkataba wa majaribio. Majaribio! Nakumbuka shule iliyomwajiri moja kwa moja mtu wa diploma ya kuchapwa saiba, akaunguza spika zote usiku wa maonyesho. Huyo hakujaribiwa. Lakini Bochaberi aliichukua kazi, na mikisa haikuuzwa.

Nyatichi alipompelekea Mwalimu Nyanchoka habari hizo, Mwalimu alimshika bega. "Ulidhani unampamba dada yako, Nyatichi. Ulikuwa unamfuta. Uongo ungemfikisha mlangoni tu, kisha umwache hapo na aibu. Kazi ya halali haina aibu. Isemeni kwa ukweli, na muiseme mbele ya anayeihitaji."

Siku iliyofuata Lynnet aliuliza tena, "DJ wa maiti hajambo?"

"Hajambo," Nyatichi alijibu. "Ni fundi wa jukwaa sasa. Ukija kuimba kwenye tamasha huko Rongo, yeye ndiye atakayefanya sauti yako isikike."

Sasa narudi kwako. Usigeuze uso tena. Nyumbani kwenu yuko mtu mwenye kazi mikononi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika, na wewe unampita kila siku ukitafuta kiatu. Funga kitabu hiki. Chukua kalamu, keti naye, umuulize: unajua kufanya nini, na nani alikuona ukifanya? Andika anachojibu, usiongeze wala usipunguze. Anza leo, kabla hujala.