Mchoro Kwenye Ukuta wa Choo Chetu

Nilidanganya kwenye daftari la masomo. Si la mtoto, langu mwenyewe. Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na upumbavu nilioufanya ungemwaibisha hata mtoto wa darasa la tatu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi mtaa wa Langas, kwenye ploti ya nyumba kumi na mbili, nafuma vitambaa vya makochi nikiwa nimekaa mlangoni. Mume wangu husema nikitaka kufika stendi lazima nibebe pasipoti. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, kwa hivyo kanisani walipotangaza mafunzo ya bure ya sanaa ya jamii, miezi mitatu na cheti mwishoni, nilijiandikisha wa kwanza. Hicho cheti... nilikitamani kama mjamzito anavyotamani udongo.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamume mpole, havui kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alitufundisha kwamba sanaa hii si ya kutundikwa kwa matajiri. Inaanza kwa kusikiliza. Unawauliza watu kinachowaumiza, unaandika walivyosema, halafu mnaunda pamoja kitu cha kubadilisha hali. Mpaka leo naamini maneno hayo ni ya kweli. Shida ilikuwa sisi tuliokuwa tukiyasema.

Nikaita majirani. Swali moja, jibu moja: choo. Shimo lilikuwa limejaa mpaka linakuangalia machoni, na mlango ulishaanguka, ukiingia unashikiwa leso na mwenzako. Mama Naliaka, jirani wa nyumba ya chini kabisa, aliyekuwa akipikia mafundi wa mjengo chapati na maharagwe, aliniambia niandike vizuri: lori la kunyonya choo lije, mlango urudi. Nikamuuliza, na mchoro je? Akacheka.

"Mchoro wa nini na hata kuchuchumaa ni kazi?"

Nikaandika hivyo. Darasani Mwalimu akasoma, akakunja uso, akauliza kama kweli hakuna hata mmoja aliyetaja sanaa. Wenzangu wote wakanigeukia... Nikasema walitaja, nilisahau tu. Nikachukua kalamu yake nikaongeza pale pale: wakaazi wanaomba mchoro ukutani. Akanipigia makofi. Nani alikuwa amewahi kunipigia makofi mimi?

Uwongo huo ukazaa. Landlodi, mwenye ploti, alikuwa ameshatuahidi lori Jumamosi. Mwalimu naye akaitaka Jumamosi hiyo hiyo, maana wageni wake wangekuja kutuona tukichora, na lori la choo lingeharibu mandhari. Akanituma nimwombe landlodi asogeze siku. Mimi, ambaye kwenda dukani ni safari, nilienda mbio! Landlodi akauliza kama wapangaji wamekubali. Nikasema wamekubali. Akatabasamu, akasema basi hakuna haraka. Majirani nikawaambia landlodi ndiye aliyechelewesha.

Mchoro ulitoka mzuri, siwezi kukataa. Maua, jua, na katikati mama wa gauni la manjano ameshika fagio. Mama huyo ni mimi, ila na shingo nyembamba ambayo sijawahi kuwa nayo. Siku ya pili nzi walikuwa wamenijaa usoni.

Jumanne mvua ikanyesha mchana. Choo kikafurika, na kwa sababu ploti imeinama, yote yakateremka kwa Mama Naliaka. Yakaingia kwenye unga, yakaingia kwenye maharagwe aliyokuwa ameloweka, yakalowesha godoro... Mafundi walikuwa kwenye benchi wakingoja chakula. Waliona kila kitu. Mmoja alitapika.

Nikampigia Mwalimu simu nikilia. Mnajua aliniambia nini? Kwamba kabla hatujasafisha nipige picha, hiyo ni hadithi yenye nguvu. Na mimi nikapiga, nikamtumia. Mama Naliaka ameinama, anachota uchafu kwa sufuria yake ya kupikia. Nikikumbuka kidole changu kwenye ile simu, natamani kukisugua kwa dawa ya choo.

Jioni landlodi alipofika, majirani walimvamia kwa maneno. Akasimama mbele ya mchoro, akajibu bila kupandisha sauti.

"Muulizeni Mama Kevo. Alikuja mwenyewe akasema mmekubali nisubiri."

Mama Kevo ndiye mimi. Hakuna aliyenitukana. Waliniangalia tu, wakarudi kusafisha, na nikaona heri wangenirushia ile sufuria. Kesho yake wakaenda wote, wakakaa mbele ya duka la landlodi na ndoo zao mpaka lori likaletwa. Hawakubeba hata brashi moja, na hawakuniita.

Siku ya vyeti tulikusanyika kwenye ukumbi huko Kapsoya. Ile picha ya Mama Naliaka ilikuwa imetundikwa, kubwa kuliko mlango tuliokosa. Wageni walisimama chini yake wakila sambusa na kutikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza jina lake. Hapo hapo chini yake nikapewa cheti, tena kwa makofi. Sambusa yangu niliitupa kwenye mtaro. Kinyaa kilikuwa kimenishika, na si cha choo.

Mama Naliaka hapiki tena. Mafundi hawakurudi, na siwalaumu. Sasa anafulia watu nguo.

Nawasihi wenzangu mnaosoma haya. Ukitaka kubadilisha mtaa wenu, iwe kwa rangi au kwa ngoma, shika neno la jirani kama lilivyotoka mdomoni mwake. Likiwa chungu, liache na uchungu wake. Usilirembe ili upendwe na mtu ambaye hatumii choo chenu.

Juzi nilienda kumwomba Mama Naliaka msamaha, nimebeba kitambaa nilichomfumia. Alikuwa anafua. Hakukikataa wala hakukipokea, alinionyesha tu kamba nikitundike. Nikamwambia nilitaka kusaidia ploti. Akakamua shati la mtu, akaniangalia.

"Mama Kevo, sisi tulisema choo. Wewe ndio uliandika mchoro."