Rangi ya Bluu Kwenye Sare

Kazi ya Mama Dobi ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Alisimama tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi, joto la pasi likimpiga usoni. Alijua kutoa damu, dawa za vidonda, na madoa ambayo hakuna aliyetaka kuyataja. Akirudi nyumbani, miguu imevimba, viatu vilivulika kwa kubembelezwa.

Jioni moja alikuta sare ya binti yake imefichwa chini ya godoro. Sketi ilikuwa na rangi ya mafuta, ya bluu, ile ya kupaka milango.

Hakuuliza. Alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akaanza kusugua. Mikono ilitangulia mdomo.

Alipomaliza, ndipo binti alipomsimulia. Alikuwa na miaka kumi na tano, na mtaa mzima ulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu alimcheka mbele ya wateja kwa sababu ya viraka vya sare. Kijiti akachukua kopo la rangi lililokuwa mlangoni, akamwagia magauni matatu yaliyoning'inia nje ya duka.

"Kuna aliyekuona?" mama aliuliza.

"Sijui."

"Basi ulikuwa nyumbani. Ulikuwa unaosha vyombo. Umesikia?"

"Lakini mama..."

"Nimechoka, mwanangu. Usinimalize."

Kesho yake polisi walikuja. Jirani alikuwa ameona. Kijiti alihojiwa mama yake akiwa pembeni, akakana kila kitu. Waliruhusiwa kurudi nyumbani, lakini Jumatatu wamwone afisa ustawi wa jamii. Mitihani ya shule ilibaki wiki kumi. Siku zile zote, Mama Dobi alikunja mashuka huku akimwona mwanawe mbele ya hakimu.

Afisa ustawi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno yaleyale mara nyingi. Hata hivyo hakuyaharakisha.

"Mama, nikueleze taratibu. Usipoelewa, uliza tena, haina shida. Si kila kosa la mtoto lazima liishie mahakamani. Kwa kosa kama hili upo mpango mbadala. Mtoto anakutana na mtu aliyekosewa, anaomba radhi, anatengeneza alichoharibu. Tunaandika masharti. Akiyatimiza, jalada linafungwa na habebi hatia. Akiyavunja, shauri linaweza kurudi kwa hakimu."

"Basi tupe huo mpango, dada yangu. Tunautaka."

"Siwezi. Binti yako amekana."

Mama Dobi aliinamisha macho kwenye mikono yake.

"Mpango ni wa mtoto anayekubali kosa kwa hiari," afisa aliendelea. "Kama hakufanya, asikubali hata kidogo. Asikubali ili tu yaishe haraka. Ana haki ya kwenda mahakamani akasikilizwe. Tena siamui peke yangu. Fundi atasikilizwa, na mwendesha mashtaka lazima aridhie. Chumba cha pili yuko mwanasheria. Halipwi kitu. Zungumzeni naye kwanza."

Walikaa kwa mwanasheria nusu saa. Waliporudi, afisa alimtazama Kijiti. Kijiti hakumtazama afisa. Alimtazama mama yake, kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kushuka kitini.

Hapo Mama Dobi akaelewa. Mtoto alikuwa amefungwa, na aliyemfunga ni yeye.

"Sare niliifua mimi," alisema. "Na yale maneno ya kuosha vyombo nilimpa mimi. Mwanangu, nayachukua. Sema yako."

Kijiti alivuta kamasi. "Nilimwaga mimi. Nilikuwa na hasira. Halafu nikaogopa. Halafu mama akaanza kufua."

Mwendesha mashtaka aliridhia. Alhamisi wakakutana wote ofisini. Fundi alikuja na tepu ya kupimia shingoni na magauni ndani ya mfuko.

"Nisamehe, shangazi," Kijiti alisema.

"Msamaha hauvaliki. Wateja wangu wanataka nguo zao. Kwani ungenitukana tu, ungekufa?"

"Ulinicheka mbele za watu."

"Nilicheka viraka. Sikukucheka wewe."

"Viraka alishona mama. Usiku, akitoka kazini."

Fundi aliiangalia mikono ya Mama Dobi, iliyochubuka kwa sabuni. Akaanza kuikunja tepu yake, akaikunjua, akaikunja tena. "Hilo la kucheka," alisema mwishowe, "nalo liandikeni. Halikuwa zuri."

Masharti yakaandikwa. Kijiti asafishe magauni kwa mikono yake, mama akimwelekeza. Asaidie dukani Jumamosi nane. Aonane na mshauri wa vijana. Shule asikose. Wote wakatia saini.

Magauni mawili yalitakata. La tatu lilikataa. Kijiti alikwenda mwenyewe kumweleza mwenye gauni, akafokewa mlangoni hadi majirani wakatoka. Alisimama pale mpaka mwenye gauni akaishiwa maneno. Fundi akashona gauni jingine, na Kijiti akapiga pindo lote kwa mkono.

Haikuwa rahisi. Jumamosi ya tano alilala, hakwenda. Afisa alikuja nyumbani, hakupandisha sauti.

"Mimi nimechoka, mama yako amechoka, na wewe umechoka," alisema. "Kazi iko palepale. Utailipa Jumamosi ya tisa." Akailipa.

Jioni ya siku hiyo Mama Dobi alipitia dukani akitoka kazini. Afisa alikuwa ameileta barua mwenyewe kazi ilipokwisha: masharti yametimizwa, jalada limefungwa. Mitihani ingeanza keshokutwa, na Kijiti angeingia darasani kama wenzake. Doa la bluu, dogo kama kitufe, lilibaki kwenye sketi. Halikutoka kamwe.

"Jumamosi ijayo hulazimiki kuja," fundi alimwambia Kijiti bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Najua."

"Basi njoo saa tatu. Saa mbili huwa sijafungua, nilikuwa nafungua kwa ajili yako."

Kijiti alicheka. Fundi akasukuma kigoda kwa mguu hadi mbele ya Mama Dobi.

"Kaa, dada."

Mama Dobi akakaa. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili.