Viwili Vyako, Viwili Vyangu

"Maulida, una TB sugu," daktari alisema. "Ulishawahi kumeza dawa za kifua?"

"Hapana, daktari."

"Niambie ukweli ili nikusaidie."

Maulida akamtazama mumewe. Shakiru, fundi cherehani ambaye Majengo nzima inamjua kwa mdomo wake, leo alikuwa amekodolea macho viatu vyake.

"Nilimgawia zangu," alisema hatimaye.

"Zako?"

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye dozi. Vidonge vinne kila asubuhi. Yeye akaanza kukohoa tukiwa tumeshapeleka posa. Akalia, akasema mama yangu mimi akijua, ndoa hakuna. Basi nikamwambia tutameza wote. Viwili vyake, viwili vyangu."

Mapenzi jamani! Tena kila asubuhi, kwenye cherehani ya Shakiru, walikuwa wanavimeza wakicheka, chai ya kikombe kimoja. Kikohozi kikapoa, ndoa ikafungwa, pilau likaliwa. Wakajiona wajanja kuliko hospitali nzima.

Daktari akavua miwani.

"Mmewapa wadudu dawa kidogo kidogo mpaka wameizoea. Shakiru, vipimo vinaonyesha na wewe unayo hiyo hiyo, lakini mapafu yako bado yana nguvu. Maulida..."

"Sema tu, daktari."

"Dawa nyingine tutakupa. Lakini umechelewa mno. Pafu moja limekwisha, na la pili linakwenda."

Wakalazwa wote wawili, kila mmoja wodi yake. Jioni simu ya Maulida ikaita. Alikuwa mama mkwe, Bi Mwanajuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shakiru kaniambia yote. Mkanificha mimi?"

"Niliogopa utanikataa, mama."

"Nikukatae! Baba yake Shakiru aliugua kifua mimi nikiwa mke mpya. Nilimpa dawa kwa mkono wangu huu mpaka akapona, ndipo akazaliwa huyo Shakiru wako. Ungeniambia, Maulida. Ungeniambia tu!"

Kilio kikamzidi mama, akakata simu. Baadaye ikaingia meseji: "Kesho nakuletea mtori. Jikaze ule mwanangu."

Maulida akaisoma tena na tena. Alikuwa anakufa kwa kumwogopa mtu ambaye angemuuguza. Hilo lilimuuma kuliko kifua chenyewe, na pumzi ya kulilia hakuwa nayo.

Asubuhi Shakiru alikuja na dawa zake mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mkewe. Akavitazama vidonge vile. Mkono, kwa mazoea tu, ukaanza kutenga nusu.

Maulida akaukunja mkono ule, akausukuma urudi kwake.

"Meza vyote, mume wangu," alisema akihema. "Safari hii usinigawie."

"Nitamezaje peke yangu, Maulida?"

"Utazoea."

Akavimeza kimoja kimoja, machozi yakiilowesha barakoa aliyoishusha kidevuni. Na hata asubuhi ya pili baada ya kumzika, nesi alipomletea vidonge, Shakiru alimeza vyote.