Mvuke Uliovuka Kilima

Fundi Rangi alipaka magari rangi nyuma ya nyumba yake. Asubuhi alipiga msasa. Mchana alipuliza rangi. Alasiri alianika juani matambara yaliyolowa thina, yale maji makali ya kuzimulia rangi. Makopo ya thina hakuyafunika hata siku moja.

"Nifunike, nifunue, nifunike tena," alisema. "Kazi nitafanya saa ngapi?"

Mama mkwe wake, aliyekaa naye na mkewe, alikuwa na pumu. Msimu huu wa joto ilimbana kila alasiri. Kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Mkwe wangu," alisema siku moja, ameshikilia ukuta, "kazi yako itanizika."

"Mama, tazama mwenyewe," Fundi alijibu kwa adabu. "Unaona moshi hapa? Moshi uko barabarani kwa malori. Mimi natoa harufu tu."

"Harufu tu!" mkewe akadakia. "Na hiyo thina ikishakauka inakwenda wapi, mwenzangu? Peponi?"

Fundi akatoa shauri. Shemeji yake aliishi mji wa pili, nyuma ya kilima. Kule kulikuwa na mashamba, hakuna gereji wala malori. Mama akapumzike huko. Jumamosi wakampeleka, na dawa yake ya kuvuta mkobani.

Jumanne simu ikalia.

"Shemeji," sauti kutoka nyuma ya kilima ilisema, "mama yuko hospitali. Amewekewa oksijeni."

Fundi alikaa juu ya ndoo. Mji safi ule! Mkewe hakumgombeza. Alilia tu, na hilo lilimuuma zaidi.

Hospitalini walimkuta dada mmoja kando ya kitanda. Alikuwa mpima hewa wa mkoa. Alikuja kuuliza ni wagonjwa wangapi wa kifua wameletwa wiki ile.

"Huku hakuna hata gereji moja," Fundi alimwambia. "Ugonjwa umetoka wapi?"

"Kwenu," dada alijibu bila kumung'unya maneno. "Kaka, unafanya kazi gani?"

"Napaka magari rangi."

"Thina unafunika?"

"Hata siku moja," Fundi alikiri.

Dada alivuta kiti, akaeleza polepole. "Mvuke wa thina huuoni, lakini haujapotea. Unakutana na moshi wa magari, kisha jua kali linavipika pamoja. Kinachoiva kinaitwa ozoni. Ozoni ya juu sana angani inatukinga na jua. Hii ya chini inaunguza mapafu. Na mapishi yake huchukua saa kadhaa, wakati upepo unasukuma tu. Kwa hiyo kinapikwa kwenu, kinapakuliwa huku."

"Ina maana nimempakulia mama mkwe wangu?"

"Si wewe peke yako. Kuna malori, kuna vituo vya mafuta, kuna mafundi wenzako. Ndiyo maana mji mmoja hauwezi kusafisha hewa peke yake. Mkoa umeweka kiwango kimoja cha ozoni kwa miji yote ya bonde hili. Tunapima kila saa. Ikizidi kiwango, kila mji unapunguza uchafu wake."

"Basi mtatufungia kazi."

"Sisemi ufunge kazi, kaka. Funga makopo."

Mama mkwe aliinua barakoa ya oksijeni. "Mwambie na matambara!"

Fundi alirudi, akawaita wapaka rangi wa mtaa mzima. Mmoja wao, Mzee Msasa, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jamani, huyu ametishwa na mama mkwe!"

"Cheka tu, mzee. Binti yako ameolewa wapi?"

Msasa akageuka kukitazama kilima. Binti yake alikuwa nyuma ya kilima, na mtoto mchanga mgongoni.

Kuanzia hapo makopo yalifunikwa. Matambara yaliingia kwenye debe lenye mfuniko. Mabomba ya kupulizia yalioshwa ndani ya ndoo iliyofungwa. Walinunua rangi zisizohitaji thina nyingi, wakajenga kwa pamoja chumba kimoja cha kupulizia, chenye feni na vichujio vya mkaa vya kunasa mvuke. Malori nayo yalianza kupimwa moshi. Siku za joto kali zisizo na upepo, dada alituma ujumbe: leo msipulize. Wakapiga msasa, na wenye pumu wakakaa ndani.

Msimu wa joto uliofuata, siku ambazo ozoni ilizidi kiwango zilishuka kutoka kumi na tisa hadi sita.

"Bado sita," dada alisema. "Tusibweteke."

Mama mkwe alikuwa amerudi. Alasiri moja, jua likiwaka, alikuta mkwewe amekanyaga mkeka wake kwa viatu vya kazini. Akaanza. Alimsema uvivu, akamsema ndevu, akazunguka ua mzima akimsema malezi yake, wala hakushika ukuta.

Fundi alisimama akitabasamu.

"Unagombwa halafu unacheka?" mkewe alinong'ona.

"Mwache aendelee," Fundi alisema. "Sikiliza anavyopumua."