Firigisi ya Willis

Yaliyompata rafiki yangu Mideva wa Iguhu siyatii chumvi. Mumewe mwenyewe ni kichekesho tosha. Willis alijifunza kuendesha tanga kwa video za simu, akavaa kofia ya nahodha, akakodi mashua ziwani msimu ambao uvuvi wa omena umefungwa na visiwa ni vitupu. Huyo ndiye bwana ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwambia mkewe asante. “Mwanaume haoshangi sahani,” ndiyo hekima yake yote.

Kwenye kisiwa cha tatu yeye na Mideva walifunga mashua, upepo ukatulia, tanga likaning'inia katikati kama pazia. Mideva alidhani Willis amejilaza upande wa pili. Akapakua kuku, akaweka firigisi juu, maana ni ya mwenye nyumba, akapenyeza bakuli chini ya tanga. Mikono ikalipokea.

“Asante, mama watoto,” sauti ikasema taratibu.

Mideva akasonya. Leo amekumbuka adabu. Akasikia kutafuna, polepole, kisha maji yakichotwa.

“Mideva,” Willis akaita kutoka juu ya mwamba, mbali huko kisiwani. “Firigisi yangu usiiguse, nashuka.”

Bakuli likarudi chini ya tanga, limeoshwa.