Sawa Tu

Kila asubuhi mama alishona barakoa, na binti yake alikaa pembeni ya cherehani, simu mkononi. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Kiingereza sasa kilifundishwa mtandaoni. Ugonjwa huohuo ulikuwa umemchukua baba mwezi uliopita.

"Wewe uliye mwisho kwenye orodha, hebu jibu," mhadhiri aliita siku moja.

Binti akawasha kipaza sauti. Cherehani ikanguruma.

"Uko kiwandani?" mwanafunzi mmoja akauliza. Darasa zima likacheka.

Binti akazima simu. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo darasani. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa umekaribia. Akifeli, atarudia mwaka.

Kisha chuo kikatuma fomu: wanafunzi watoe maoni kuhusu masomo ya mtandaoni. Binti akajaza harakaharaka: sawa tu, sawa tu, sawa tu.

Jirani yao, karani wa zahanati, alikuwa dirishani akisubiri barakoa zake. Akachungulia.

"Mwanangu, sawa tu ndiyo nini? Mgonjwa akituambia yuko sawa, tumpe dawa gani?"

"Watanicheka tena, mama mdogo."

"Wacheke. Andika kinachokusumbua. Halafu andika unachotaka wafanye."

Binti akafuta, akaandika upya. Mtandao unakatika. Nyumbani kuna kelele. Naogopa kuongea mbele ya watu sitini. Naomba masomo yarekodiwe. Naomba tufanye mazoezi wawiliwawili, kwa simu ya kawaida.

Baada ya siku nne mhadhiri alisema, "Wengi mmeandika hivyohivyo. Nilidhani kimya chenu ni uvivu. Mnisamehe." Akaanza kurekodi masomo, akawapanga wawiliwawili.

Binti alipangwa na yule yule aliyemcheka.

"Samahani kwa siku ile," mwenzake alisema. "Mimi mwenyewe nasomea bafuni. Kwetu tuko tisa."

Zoezi la kwanza lilikuwa kueleza habari za mtu mmoja wa familia. Binti alieleza kwa Kiingereza, polepole: baba yangu ni dereva, anapenda kuimba.

"Safi! Anaendesha gari gani?"

Binti akazirudia sentensi zake, safari hii kwa wakati uliopita. Mwenzake akaelewa.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Endelea. Nakusikiliza."

Swali la mtihani lilikuwa lilelile. Binti alifaulu. Chini ya alama zake mhadhiri aliandika: "Hukukosea wakati uliopita hata mara moja."

Akaisoma sentensi hiyo mara mbili, akaweka simu chini, akaenda kumsaidia mama kukata vitambaa.