Brashi Gizani

Rafiki yangu Wannes, ambaye hata msibani huchekesha watu, alikwenda na fundi mwenzake Griet kubandua karatasi za kuta katika nyumba kongwe mjini Ghent. Alipofikia tabaka la chini kabisa, lenye umri wa karne mbili, taa ikazimika. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao. Giza likamjaa machoni. Mgongoni mwake, brashi ikaanza kulainisha karatasi: shwaa, shwaa.

"Griet, acha utani, mama. Kubandua kumekushinda, sasa unabandika?"

"Mimi niko uani nakunywa supu yangu," Griet akajibu kutoka nje. "Toka uje, domo kaya wee."

Wannes akaukimbilia mlango. Akapapasa, akazunguka kuta zote nne, asiuone. Taa iliporudi, pale alipoingilia palikuwa na karatasi ya maua iliyonyooka vizuri, gundi yake bado ikichuruzika.